Jani Lenye Matundu

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe zake mbili, mwenzake anashika zake, mnavuta mpaka kitambaa kinapiga kofi hewani, kisha mnasogeleana, mnakutanisha pembe, mnaachana, mnasogeleana tena. Kwa siku moja wakunjaji wawili husogeleana mara nyingi kuliko mtu na mumewe kwa mwezi mzima, na ndiyo maana katika chumba cha kukunjia cha kiwanda kile cha kufulia, siri haikuwa na maisha marefu. Ya Kimya ilidumu miezi minne.

Kimya halikuwa jina lake. Alipewa siku ya kwanza kazini na mwenzake wa upande wa pili wa shuka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza chumba, ambaye naye watu walimwita Redio. "Mdogo wangu," Redio alimwambia siku ile, baada ya kuzungumza peke yake tangu asubuhi mpaka saa ya chakula, "wewe ukifa tutajuaje?" Chumba kizima kilicheka, na jina likamganda.

Si kwamba hakuwa na la kusema. Aliacha shule darasa la tano, mwaka aliokufa mama yake, na tangu hapo aliogopa kwamba akifungua mdomo mbele ya watu litatoka neno la mtu wa darasa la tano. Akiufunga, watu wangeweza kudhani lolote. Wengine walidhani anaringa. Hilo lilimpendeza kidogo.

Chumba kilikuwa na dirisha moja kubwa lililotazama nyuma ya kiwanda. Huko kulikuwa na uzio wa waya, na nje ya uzio kipande kirefu cha ardhi kisicho na mwenyewe. Tangi la maji la kiwanda lilivuja upande huo miaka nenda miaka rudi, kila mtu akisema fundi ataitwa, na kwa hiyo hata jua likiwaka vipi kipande kile hakikukauka. Mchunga, mnavu, mgagani, kishonanguo, vyote viliota pale kwa fujo, na juu ya waya ulitambaa mmea wa maua mekundu ambao hakuna aliyeupanda.

Asubuhi, mara mbili tatu kwa wiki, alikuja bibi mmoja mfupi mwenye kikapu cha ukindu, akainama katikati ya yale majani.

"Mbuzi wetu kafika," Redio alisema siku moja, akivuta pembe zake.

"Mwache bibi wa watu," alisema mpiga pasi. "Pengine anatafuta dawa."

"Dawa ya nini? Labda ya njaa. Kizee kama kile, hana hata mjukuu wa kumnunulia fungu la mchicha sokoni?"

Walicheka. Kimya naye alicheka. Alikisikia kicheko chake mwenyewe, chembamba, kikija nyuma kidogo ya vicheko vya wenzake, kama mtu anayeimba wimbo asioujua. Huko nje bibi yake aliinua mgongo, akashika kiuno, akatazama upande wa dirisha bila kuona kitu kwa sababu kioo kilikuwa kinang'aa jua, kisha akainama tena.

Walikaa wawili tu, bibi na mjukuu, katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na bomba moja. Jioni ile Kimya alimkuta bibi amekaa kizingitini, kikapu katikati ya miguu, anachambua.

"Mke mwenzangu, umerudi," bibi alisema. "Mume wetu leo hajala, anakungoja wewe."

Mume wao, babu yake Kimya, alikuwa amekufa miaka tisa, lakini katika utani wa bibi hakukosa chakula hata siku moja. Mara yuko sokoni, mara amenuna, mara anataka ndoa ya tatu. Siku nyingine Kimya angejibu kwamba mume gani huyo asiyenunua hata sabuni. Leo alipita akaingia ndani.

Bibi alikuwa na sheria zake za kuchuma, na Kimya alizijua kabla hajajua kusoma. Hung'oi, unakata kwa ukucha wa kidole gumba, juu ya jani la pili, ili shina litoe matawi mawili mahali pa moja. Chenye ua unakiacha kimwage mbegu. Huchumi kando ya barabara, wala chini ya mahali watu wanapomwaga maji ya kufulia. Na kubwa kuliko zote, jani lisilo na tundu huligusi. "Mfalme ana mtu wa kumwonjea chakula," bibi alikuwa akisema, "na mimi nina wangu. Kiwavi. Akila akanenepa, na mimi nakula. Jani zuri mno, halina hata alama ya jino, jiulize wadudu wamekimbia nini."

Sheria ya mwisho ilikuwa ya nyumbani: bakuli la kwanza ni la jirani. Miezi ile jirani alikuwa Mama Kichanga wa chumba cha tatu, aliyejifungua karibuni. Bibi aliamini mgagani unarudisha damu na kuleta maziwa, na alimpelekea bakuli lake asubuhi, lingali na moshi, kabla mtu mwingine hajaonja.

Kimya alisimama ndani akampa bibi mgongo, akajifanya anatafuta kijiko.

"Bibi, pale nyuma ya kiwanda usichume tena. Wamepuliza dawa ya magugu."

Mikono ya bibi ilisimama. "Lini?"

"Jana."

"Mbona leo nimechuma na sikusikia harufu?"

"Haina harufu. Ni dawa mpya." Uongo ukishapata mguu mmoja hutafuta wa pili wa kusimamia.

Bibi alikitazama kikapu. Alikibeba jinsi kilivyo, akavuka ua mpaka kwenye shimo la taka, akakipindua, akakikung'uta na kukikung'uta. Kisha akaenda bombani kunawa mikono hadi kwenye viwiko. Jioni hiyo walikula chakula kikavu, na bibi akamwambia jirani kupitia ukutani, "Kesho usiningoje, mwanangu. Nitachelewa kidogo."

Alichelewa kweli. Kuanzia siku ile alichuma kilimani, nyuma ya machimbo ya kokoto, mwendo wa saa nzima na zaidi, na aliporudi magoti yalikuwa yamevimba kama maboga. Kimya alimkanda kwa maji ya moto. Kadiri alivyokanda ndivyo alivyoshindwa kumtazama usoni.

"Mbuzi wetu kahama," Redio alisema wiki ya pili.

Kimya alishusha pumzi, na wakati huohuo alijichukia kwa kuishusha.

Zilipita kama wiki tatu. Halafu magoti ya bibi yakaanza kupungua. Mboga ikawa laini tena, ile ya mahali penye maji, si ya kilimani yenye nyuzi. Kimya aliila bila kuuliza, akijiambia kwamba huko kilimani labda mvua imenyesha.

Siku moja bomba la ndani lilikatika na msimamizi akamtuma achote maji kwenye tangi la nyuma. Alipofika kwenye uzio aliona. Mgagani ulikuwa umekatwa, mkato mdogo wa ukucha, juu ya jani la pili. Mashina yaliyokatwa siku za nyuma yalikuwa yameshatoa matawi mawili mawili. Yenye maua meupe yalikuwa yameachwa yamesimama. Kwenye tope palikuwa na alama ya duara, kitako cha kikapu cha ukindu.

Bibi alikuwa amerudi. Alikuwa akija alfajiri, kabla ya zamu ya kwanza, kabla dirisha halijapata watu. Kimya aligeuza jani moja, na chini yake kiwavi wa kijani alikuwa amejilaza, mnene, ameshiba. Alimwona bibi kana kwamba yuko pale: amepita siku moja akielekea kilimani, ameingiwa na shaka, amegeuza jani, amemkuta mwonjaji wake mzima wa afya. Kisha amekaa chini kidogo, akafikiri. Kwamba dawa haikupulizwa, hilo lilikuwa jepesi kujua. Kwa nini mjukuu wake alisema imepulizwa, na hilo nalo, kwa mtu mwenye akili ya bibi, lisingechukua muda. Naye hakurudi nyumbani kugomba. Alibadilisha saa tu.

Ndoo ilifurika ikamlowesha miguu. Kimya aliibeba akarudi ndani.

Tangu hapo walikula wakizungumza mambo ya mume wao, ya bomba na ya mtoto wa jirani. Kuhusu mboga inatoka wapi, hakuna aliyegusa.

Dawa ya kweli ilikuja siku ya Jumatano, alasiri. Wenye kiwanda walikuwa wameambiwa nyoka ameonekana kwenye majani, wakaamua kusafisha uzio. Mtu mmoja mwenye pampu mgongoni na kitambaa puani alipita taratibu nje ya dirisha akipuliza kushoto na kulia, na ukungu mweupe ukatua juu ya mgagani, juu ya mnavu, juu ya yale maua mekundu.

Msimamizi aliingia chumba cha kukunjia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkali wa kazi, lakini si mtu mbaya.

"Yule bibi aliyekuwa anachuma hapo nyuma," alisema, "mlinzi ananiambia bado anapita alfajiri. Nani anamjua? Aambiwe asiguse hapo mpaka mvua zipite mara mbili tatu. Ile dawa ni kali."

Watu walitazamana.

"Muulize Kimya," Redio alisema. "Ndiye alikuwa anamwangalia sana. Nilidhani anataka na yeye akachume."

Macho yote yalimgeukia. Kimya alikuwa ameshika pembe mbili za shuka kifuani. Jambo lenyewe lilikuwa fupi, lingetoka kwa pumzi moja.

"Simjui," alisema.

"Mlinzi hawezi kuacha geti alfajiri, basi aweke tangazo," msimamizi akasema, akatoka. Mlinzi alikata boksi, akaandika kwa makaa HATARI DAWA USICHUME, akalifunga kwenye waya. Yalikuwa maandishi mazuri, makubwa. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja.

Njiani kurudi nyumbani Kimya alijipa moyo. Alichokikana kule angekitengeneza huku. Alimkuta bibi anapepeta mchele, akasema mara moja kabla hajabadili nia:

"Bibi, nyuma ya kiwanda leo wamepuliza dawa."

Ungo ulisimama, kisha ukaendelea. "Si ulishaniambia, mke mwenzangu?"

"Leo tena. Leo wamepuliza kweli."

Neno lile "kweli" lilibaki hewani kati yao. Bibi hakulidaka. Labda alimhurumia.

"Mimi siku hizi si naenda kilimani?" alisema kwa upole.

"Najua. Nasema tu."

"Umefanya vizuri kusema. Nimesikia."

Kimya aliijua sauti ile. Ndiyo sauti ambayo bibi aliwajibia watoto waliosema wamenawa mikono. Ili aaminike leo, ilimbidi aseme kwamba siku ile alidanganya. Na kusema kwamba alidanganya ni kusema kwa nini. Na kwa nini, hapakuwa na namna ya kulisema na baadaye kula sahani moja. Aliwaza, nitamwahi alfajiri, nitamshika mkono mlangoni. Akalala na wazo hilo kama mtu aliyekwisha kulipa deni.

Alipoamka mkeka wa bibi ulikuwa mtupu na umekunjwa.

Alitembea nusu mbio. Kwenye uzio hakukuwa na mtu. Tangazo lilining'inia mahali pake. Majani bado yalikuwa ya kijani, yamesimama, yana matundu yao kama kawaida, matundu ya juzi na juzi ile. Juu yake palikuwa na madoa meupe yaliyokauka, kama chumvi, ambayo macho ya kizee yasingeyaona gizani. Mikato ilikuwa mibichi, bado inatoa maji. Mwonjaji alikuwa ameacha sahani mezani akaenda zake, na bibi aliyeikuta sahani alidhani mambo ni salama.

Kengele ya zamu ililia. Msimamizi alikuwa mlangoni.

"Kimya, harakisha. Hospitali wanataka mashuka yao saa nne."

Nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini. Angeweza kugeuka. Lakini angegeuka aseme nini, mtu aliyesema jana hamjui? Bibi hapiki mpaka mchana, alijiambia, bado kuna muda. Akaingia, akashika pembe zake mbili. Alikunja mashuka ya wodi nzima. Kila waliposogeleana Redio alimtazama machoni akauliza, "Una nini?" na kila waliposogeleana alijibu, "Sina kitu."

Ilikuwa saa nne kasoro, gari la hospitali limeshapakiwa, alipokumbuka. Bibi hapiki mpaka mchana, kweli. Isipokuwa bakuli la kwanza. Bakuli la kwanza hupikwa asubuhi.

Shuka lilimponyoka. Alimwambia msimamizi tumbo linamuuma.

"Tumbo au mchumba?" Redio aliuliza nyuma yake, na hata hapo watu walipata la kuchekea.

Uani palikuwa na watu. Mama Kichanga alikuwa ameinama juu ya beseni, uso umepauka, kanga imelowa jasho. Mtoto alikuwa analia mikononi mwa mke wa fundi viatu. Na kizingitini, mahali pake pa siku zote, alikaa bibi na kikapu mbele yake, anachukua jani moja moja, analiinua juani, analigeuza, analiweka chini, anachukua jingine.

"Ni macho yangu," alikuwa anasema, hamwambii mtu. "Nimechanganya. Iko mimea miwili inafanana, nimechanganya. Miaka sitini sijawahi kuchanganya."

"Tulisema, bibi," fundi viatu alisema. "Tulisema haya majani ya porini iko siku."

"Mlisema, mwanangu."

"Kuanzia leo magugu hayapikwi kwenye nyumba yangu," alisema mama mwenye nyumba. "Atakayetaka kula ukoka akapange zizini."

"Haki yako," bibi alisema. "Haki yako kabisa."

Halafu alimwona Kimya amesimama mlangoni pa ua. Bibi alikuwa na neno moja tu la kusema, na lingemwokoa: niliambiwa. Mjukuu wangu alinionya jana, nikapuuza. Lakini yeyote angeuliza, kwa nini upuuze? Na jibu la swali hilo halikuwa la bibi peke yake. Kimya aliliona neno likifika mdomoni mwa bibi, akaliona likimezwa.

"Mke mwenzangu," bibi alisema, "njoo unisaidie macho. Hebu niambie huu si mgagani?"

Kimya alichuchumaa, akashika jani. Doa jeupe lilikuwa pale, juani, wazi.

"Ni mgagani," alisema.

"Unanifariji."

"Ni mgagani, bibi. Hukukosea." Sauti haikufika popote, mtoto alikuwa analia, mama mwenye nyumba alikuwa bado anasema. Kimya alisimama. "Si macho yake," alisema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa, mbaya, kama ya mtu mwingine. "Ni dawa ya magugu. Walipuliza jana kazini kwetu. Nilijua."

Mke wa fundi viatu alimhamishia mtoto begani.

"Ulijua, na hukumwambia bibi yako?" fundi viatu aliuliza.

"Nilimwambia. Hakuniamini." Alilirudisha jani kikapuni. "Hakuniamini kwa sababu nilishamdanganya kabla. Nilimwambia wamepuliza, na hawakupuliza. Nilikuwa sitaki wenzangu wamwone pale anachuma. Wanamcheka. Na mimi nilikuwa nacheka nao."

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, anazikusanya pamoja zile mboga zilizotawanyika kama mtu anayefunika kitu.

Zahanati haikuwa mbali. Fundi viatu alimbeba Mama Kichanga kwenye mkokoteni wake. Nesi alisikiliza, akaandika, akauliza swali moja.

"Dawa gani?"

Hakuna aliyejua.

"Nahitaji kujua ni dawa gani. Ziko nyingi, na kila moja ina matibabu yake. Nileteeni chupa."

Kimya alikimbia. Jua lilikuwa utosini. Alipita getini bila kumsalimu mlinzi, akapita chumba cha mashine, akasimama mlangoni pa chumba cha kukunjia akihema, nguo zimemganda mwilini. Redio alikuwa anakunja na mpiga pasi, na hawakuwa wamezoeana. Shuka lilikuwa linakwenda upande.

"Tumbo limepona?" Redio alisema.

"Nataka chupa ya dawa iliyopulizwa jana," Kimya alisema. "Kuna mtu amekula mboga za pale nyuma, yuko zahanati, ananyonyesha. Yule bibi aliyezichuma ni bibi yangu. Mama wa mama yangu. Ndiye aliyenilea."

Msimamizi alikuwa ametokea nyuma yake.

"Nilikuuliza jana."

"Ndiyo, mama."

"Ukasema humjui."

"Ndiyo."

Msimamizi alisema chupa zilitupwa kwenye pipa la nje. Redio ndiye aliyeliachia shuka. Likaanguka sakafuni, safi vilevile, na hakuligeukia. Alitoka mbio na mwili wake wote ule, akaingiza mikono ndani ya pipa hadi mabegani, akarudi na chupa tupu yenye karatasi yake. Alimkabidhi Kimya bila kumwachia mara moja.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, "kwa nini hukuniambia, nikanyamaza?"

Kimya alichukua chupa akakimbia.

Mama Kichanga alilazwa akatoka kesho yake. Maziwa yake ilibidi ayakamue na kuyamwaga kwa siku kadhaa, mtoto akinyweshwa ya kopo, na kila alipokwenda kuyamwaga shimoni alipita mbele ya kizingiti cha bibi. Hakusema neno baya. Lakini bibi alipopika tena, mboga ya sokoni, akampelekea bakuli, Mama Kichanga alisema, "Nimeshiba, bibi, ahsante." Akashiba hivyo mwezi mzima.

Mchana ule waliporudi kutoka zahanati, bibi na Kimya walikaa chumbani, mlango wazi, kila mmoja akitazama nje.

"Ulijua," Kimya alisema. "Tangu lini?"

"Kiwavi aliniambia. Wiki ya tatu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba najua unanionea haya? Hilo nalo ni la kusema?" Bibi alijikuna goti. "Nikaona nikija mapema zaidi itakuwa nafuu kwako."

Kimya aliinamisha uso juu ya magoti yake. Bibi aliuacha mkono wake mgongoni mwa mjukuu, hakumpapasa, aliuweka tu, na haukuwa mwepesi.

Kazini hakufukuzwa. Redio hakumtania tena, akawa anamwambia "tafadhali", na kumbe hilo lilikuwa zito kuliko utani. Nyuma ya uzio majani yalinyauka, yakawa ya njano, yakawa meusi. Ile miche ya matawi mawili mawili aliyoilea bibi kwa ukucha wake ilikufa pamoja na mingine.

Siku yake ya mapumziko Kimya alibeba kikapu cha ukindu kichwani, wakashika njia ya machimbo. Njia hiyo ilipita mbele ya kiwanda, saa ya kubadilishana zamu. Bibi alitaka wazunguke kwa nyuma. Kimya akasema hapana, tunapita hapa. Walipita. Watu waliwasalimu, na Kimya aliitikia huku masikio yanawaka moto, akahesabu hatua mpaka konani.

Kilimani palikuwa na mchunga, na mgagani kidogo wenye nyuzi.

"Hapa pakoje?" bibi aliuliza.

"Pasafi. Jana nilikuja kumuuliza mwenye shamba la juu. Hajapuliza kitu tangu mwaka jana."

"Nimesikia," bibi alisema.

Kisha akainama polepole, mkono mmoja kiunoni, akageuza jani la kwanza na kutafuta chini yake. Hakumpata. Akageuza la pili. Kimya alisimama na kikapu mikononi, akangoja bibi amwone kiwavi kwa macho yake.